Stelingi aliyekataa mchango

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Najua barua zikirefuka mnazikata. Hii ikibidi kukatwa, anzeni na kile kipande cha pombe ya gongo hapo katikati, mke wangu atawashukuru.

Wiki mbili zilizopita msomaji wenu mmoja aliandika kumtetea Walter White, yule mwalimu wa kwenye tamthilia ya Breaking Bad. Alisema yule bwana asisemwe vibaya, kwa kuwa yote aliyoyafanya aliyafanya kwa ajili ya mkewe na watoto, na kwamba kina baba wa hapa wangekuwa na nusu ya moyo ule, watoto wasingezagaa stendi. Gazeti hilo lilifika saluni ninakonyolewa, hapa Ngamiani, na tangu siku hiyo halijatoka. Limebandikwa kwa selotepu kando ya kioo, juu ya bei za kunyoa ndevu. Kila anayekaa kwenye kiti anaulizwa kwanza yuko upande gani, ndipo afungwe kitambaa.

Kwa wasioijua, Breaking Bad ni tamthilia ya Kimarekani ya sehemu 62, ilianza kuonyeshwa Januari 2008 ikamalizika Septemba 2013. Vijana huiita sizoni. Mimi sikuiona enzi zake, ilinifikia juzijuzi kwa flashi. Mpwa wangu aliichukua kibanda cha kurusha muvi, akaniletea, akaniambia, "Mjomba, hii ni ya mwalimu wa kemia. Ni wewe kabisa." Nilimshukuru. Nilipofika sehemu ya tatu nilimpigia simu kumuuliza alikuwa na maana gani.

Walter White anafundisha kemia sekondari katika mji wa Albuquerque, jimbo la New Mexico. Ametimiza miaka 50. Mkewe, Skyler, ni mjamzito, na kijana wao wa kwanza anatembelea magongo. Mshahara haumfikishi popote, kwa hiyo akitoka darasani anakwenda kufanya kazi mahali pa kuosha magari. Siku moja amepiga magoti anasugua ringi, anainua macho, mwenye gari ni mwanafunzi wake, yuko na msichana wake, wanamcheka. Baada ya hapo anaambiwa ana saratani ya mapafu, nayo imekwenda mbali. Anamtafuta kijana aliyewahi kumfundisha na kumfelisha, Jesse Pinkman, wanaanza kupika methamfetamini, ile dawa ya kulevya inayotengenezwa kwa kemikali. Anapika safi kuliko wote. Mengine yote yanatokana na hapo.

Ile ringi ilinigusa. Sijawahi kuosha gari la mwanafunzi, lakini miaka ya tisini niliuza mayai, trei mbili mbili nyuma ya baiskeli, na kulikuwa na nyumba moja ambako kijana niliyemfundisha stoikiometria kwa miaka miwili alikuwa akimwita dada wa kazi kwa sauti: "Toka, mwalimu wa mayai amefika!" Alikuwa hana nia mbaya. Aliniamkia vizuri kabisa. Lakini nilipanda baiskeli nikiwa nahesabu yale mayai kana kwamba kuna mtu ameiba.

Turudi saluni. Sisi tuliozoea vibanda vya video tuna sheria yetu: kuna stelingi na kuna maadui. Stelingi hafi, na stelingi akiua hajaua, amelipiza. Ubishi wote ni huo, Walter ni stelingi au ni adui? Kinyozi anashika kwamba ni stelingi mwanzo mwisho. "Mwalimu, daktari kakwambia unakufa, huna akiba, mkeo ana mimba. Ungewaachia nini? Rambirambi?" Mpwa wangu anahesabu maiti kwa vidole, na vidole havimtoshi. Dereva wa bodaboda anayeegesha hapo nje, ambaye huingia bila kunyoa, kwake kesi ni moja tu, ya yule binti Jane.

Jane ni mpenzi wa Jesse. Amelewa heroini, amelala kitandani na Jesse, naye Walter ameingia usiku kumwamsha kijana wake. Binti anatapika amelala chali, anapaliwa. Walter anamkimbilia, halafu anasimama. Anasimama pale pale, anatazama mpaka binti anatulia. Kinyozi anasema hakumuua, alimwacha tu afe. Bodaboda anasema basi ndiyo hiyo hiyo. Walibishana juma zima, mpaka alipopita mzee wa kahawa na birika lake, akaulizwa, naye hajaona hata sehemu moja. Akauliza swali moja: binti alikuwa amelalaje kabla? Mpwa wangu akakumbuka kwamba alikuwa amelala ubavu, na ni Walter aliyemtikisa Jesse kwa nguvu kitanda kikayumba, Jane akageuka chali. "Basi mkono wake umo," mzee akasema, akamimina kahawa akaondoka. Hukumu hiyo ndiyo iliyokaa.

Mimi nitaongeza dogo ambalo halikusemwa. Katika sehemu hiyo hiyo, Walter ana mtoto mchanga nyumbani. Anamlaza ubavu, anakunja taulo anamwekea mgongoni, asije akacheua akapaliwa. Mtu aliyeikunja taulo hiyo hakuwa na haja ya kuuliza cha kumfanyia Jane. Baba yake Jane naye kazi yake ni kuongoza ndege angani. Anarudi kazini na msiba wake kifuani, ndege mbili zinagongana juu ya mji, watu 167.

Ilipofika zamu yangu nilikuwa nimekwishanyolewa upande mmoja. Niliwaambia: nyote mmechelewa. Mnagombania maiti, mimi nagombania mto.

Nina maana ya mto wa kulalia. Mwanzoni kabisa, sehemu ya tano, Skyler anaitisha kikao. Wapo dada yake na shemeji, yupo kijana wao, wote wamekaa sebuleni, na anayeshika mto ndiye anayesema. (Sikujua kama Wazungu nao wana kikao cha ukoo. Kasoro yao ni kwamba hawakuweka chai.) Mto unazunguka mkono kwa mkono, huyu anataka mgonjwa atibiwe, yule anasema aachwe aamue mwenyewe, mpaka vikao vinapofika panapofika siku zote, watu kugombana. Ila jambo lenyewe halikuwa fedha, kwa sababu fedha zilikuwepo. Rafiki yake wa tangu ujana, Elliott Schwartz, alianzisha naye kampuni. Walter akauza sehemu yake kwa dola 5,000, kampuni ikaja kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni mbili. Elliott amemwambia uso kwa uso: njoo kazini kwangu, bima yetu ni nzuri. Mkewe Elliott, Gretchen, amempigia simu: fedha za matibabu zipo. Walter anashukuru, anakataa, anakwenda kwa Jesse kumuuliza kama yuko tayari kupika.

Mpwa wangu akaruka. "Mjomba, kufikia hapo ameshaua wawili! Mmoja kamnyonga kwa kufuli la baiskeli, na kabla ya hapo alikuwa anamtengenezea mkate anaukata pembeni kama wa mtoto." Ni kweli, na ameniweka mahali pagumu. Lakini nitamjibu hapa kwa utulivu ambao saluni haina. Wale wawili, mwanasheria mzuri angekutafutia maneno. Alikuwa amebanwa, alikuwa na hofu, ni wao au yeye. Ukisha kuwa ndani ya shimo, mikono inafanya ya shimoni. Simu ya Gretchen ni tofauti, ilimkuta nje ya shimo, amekaa, kavu, mchana kweupe. Hakuna aliyemwelekezea bastola. Aliulizwa: unataka kutoka? Akajibu: hapana, asante. Hapo ndipo ninaposhikilia. Mengine yaliyofuata, mpaka ile sumu aliyomlisha Brock, mtoto wa mpenzi mwingine wa Jesse, ni bei ya jibu lile.

Na tazameni alichokifanya baadaye, kwa sababu hapa ndipo yule mwandishi wenu wa barua alipopitiwa. Alikwenda nyumbani akamwambia mkewe kwamba Elliott na Gretchen ndio wanaolipia hospitali. Jina la msaada alilichukua, msaada wenyewe aliukataa. Gretchen alipogundua na kuja kumuuliza kwa upole kuna nini, alimtukana tusi ambalo gazeti lako haliwezi kulichapa. Mtu aliyefanya kwa ajili ya watoto hatukani mkono uliotaka kuwalipia watoto.

Sasa kipande cha gongo.

Mwaka 2004 nilikuwa na miaka 49. Binti yangu mkubwa alikuwa amepata nafasi chuoni, ada haikuwepo. Kijana mmoja niliyemfundisha, wakati huo ana duka la vipuri, alisikia, akaja mpaka nyumbani jioni na bahasha. Alinisalimia kwa mikono miwili. Nilimwambia, "Nashukuru mwanangu, sijafikia huko." Akasisitiza, nami nikasisitiza, akanywa chai akaondoka na bahasha yake. Nimelirudia neno hilo mara nyingi tangu niione tamthilia hii. Sijafikia huko. Huko ni wapi?

Haikupita wiki mbili, jirani mmoja akaniomba nimfuate shambani kwenye mikorosho, njia ya kwenda Horohoro. Wana mtambo wa gongo ya mabibo, na kulikuwa na habari za watu kupofuka mahali pengine, walikuwa wanaogopa. "Mwalimu, wewe njoo utuangalizie tu." Nikaenda kuangalia tu. Pipa juu ya mafiga, bomba la shaba limepindwa likapitishwa ndani ya nusu pipa ya maji, mwisho wa bomba kuna dumu, na mzee mmoja anakinga kuanzia tone la kwanza. Niliwasimamisha. Nikawaeleza kwamba methanoli inachemka kwenye nyuzi 65 na ethanoli kwenye 78, kwa hiyo ile inayopofua huelekea kutangulia, ingawa haitoki yote mwanzoni, na kwamba pua haiwezi kuwaambia. Mhariri, nimefundisha kidato cha nne miaka ishirini na zaidi. Sijawahi kutazamwa vile. Mtu mzima aliyekuwa anatafuna muwa aliacha kutafuna. Waliniuliza maswali, na yalikuwa maswali mazuri. Nilirudi nyumbani na shilingi 15,000 zimefungwa kwenye karatasi ya daftari, na nilikuwa natembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Nilikwenda mara nne. Nisijifiche nyuma ya usalama wa wanywaji. Gongo ni kosa kisheria, nami nilijua, na mara ya tatu nilikuwa nimeshaanza kuwapangia watu wa mtambo mwingine. Ada ya binti? Ililipwa na bangili za mama yake, mbili, za dhahabu, alizopewa na marehemu bibi yake. Hela ya gongo ilinunua redio.

Aliyenikomesha ni mke wangu. Hakupiga kelele. Alilichukua shati langu lililonuka moshi, akalianika uwanjani mbele ya nyumba bila kulifua, siku mbili, watu wanapita wanaliona. Siku ya pili jioni akaniita Mwalimu. Huniita hivyo akiwa amekasirika tu. "Mwalimu, shati lako linanuka darasa gani?" Sikurudi tena kwenye mikorosho. Ningependa kuandika kwamba niliogopa polisi, au Mungu, lakini nilichoogopa ni kamba ile ya kuanikia nguo.

Ndiyo maana sehemu ya mwisho ya tamthilia, Walter anapokuja kumuaga Skyler jikoni, na Skyler anaanza kumkatiza asirudie tena ule wimbo wa familia, naye anasema, kwa mara ya kwanza bila kupamba, kwamba alifanya kwa ajili yake mwenyewe, kwamba alipenda, kwamba alikuwa hodari, mimi nilisimamisha picha. Ilikuwa saa saba usiku. Mke wangu amelala. Nikatoka nje nikakaa barazani.

Na huyu Skyler. Hapa saluni nzima ni chama kimoja, stelingi na maadui wote wanakubaliana: yule mwanamke ndiye tatizo. Anauliza sana. Ana kiburi. Amemsaliti mumewe kwa bosi wake. Kinyozi, ambaye hajaoa, anasema mwanamke wa namna ile anarudishwa kwao siku hiyo hiyo. Sitasema Skyler ni malaika. Ni kweli alikwenda kwa yule bosi, ni kweli alivuta sigara na mimba, na mwishowe yeye ndiye aliyesimamia pale pa kuosha magari ili fedha chafu zitoke safi. Lakini kosa analochukiwa kwalo si hayo. Anachukiwa kwa kuuliza "umetoka wapi?" wakati sisi watazamaji tunajua alikotoka na tunataka arudi huko tuendelee kuona raha.

Jambo hili halikuwa la Ngamiani peke yake. Mwigizaji wake, Anna Gunn, aliandika makala katika gazeti la New York Times Agosti 2013 kueleza chuki aliyokuwa akipata, na haikuwa kwa Skyler tu, ilivuka ikamfikia yeye mwenyewe, mtu aliyekuwa kazini. Hao hao waliomchukia mke walivaa fulana zenye sura ya mume. Kuna maneno Walter anamwambia Skyler akijitapa kwamba yeye si mtu wa kubishiwa hodi na hatari, yeye ndiye anayebisha. Vijana wameyakariri kwa Kiingereza, wanayasema wakiingia saluni. Jibu la Skyler katika sehemu hiyo hiyo, kwamba lazima pawepo mtu wa kuilinda familia hii dhidi ya mwanaume anayeilinda, sijasikia aliyelikariri. Ningekuwa na fulana, ningeandika hilo, halafu nianike pale pale uwanjani.

Nina lingine ambalo nitalisema kwa haraka kwa sababu likikaa mdomoni linauma. Katika hesabu zote za saluni, Jane, Brock, shemeji yake Hank, yule mtoto wa pikipiki jangwani, hakuna aliyewahesabu walionunua. Kutoka kwenye kiti cha kinyozi ukigeuza shingo unawaona mateja wawili au watatu wamejikunyata ukutani ng'ambo ya barabara, wanasinzia wamesimama. Mmoja nilimfundisha. Alikuwa na mwandiko mzuri. Huyo ndiye mteja wa stelingi wetu, na katika sehemu 62 ameonekana mara chache mno.

Turudi kwenye mchango, maana ndio ulionifanya nishike kalamu. Kijana wa Walter, yule wa magongo, alimpenda baba yake, akafanya ambalo kijana yeyote wa hapa angelifanya: akafungua ukurasa wa intaneti kuomba watu wamchangie matibabu. Kwetu tungeita kundi la mchango. Walter anaposikia anakunja uso kama aliyevuliwa nguo. Halafu wakili wake, Saul Goodman, anaona nafasi, anapanga fedha za dawa za kulevya ziingizwe kwenye ukurasa ule kidogo kidogo, kama sadaka za watu wa mbali. Kijana anaona tarakimu zinapanda, anashangilia. Watu wa televisheni wanakuja, anawaambia baba yake ni mtu mwema. Baba amekaa kando, kila sifa inamchoma, na tazameni kinachomchoma: watu wanadhani amesaidiwa, kumbe fedha ni zake, na hawezi kusema. Msomaji wenu anasema moyo wa baba. Mimi niliona mtu anayeona wivu kwa wafadhili wasiokuwepo.

Mimi nami nilifunguliwa kundi, mwaka 2019. Tezi dume. Binti yule yule wa bangili alifungua, akaingiza wanafunzi wangu wa zamani, akanijulisha baada ya kuwa limeshajaa. Nilimwambia alifunge. Nilitumia neno lile lile, sijafikia huko. Akanijibu, "Baba, umeshafika, uko kitandani." Kisha akanisomea orodha, kwa kuwa miwani yangu ilikuwa imebaki nyumbani. Elfu kumi. Elfu tano. Elfu hamsini, wa duka la vipuri. Bahasha yake ilinifikia baada ya miaka kumi na mitano. Elfu mbili, kutoka kwa kijana niliyempa sifuri mara nyingi kuliko wote, na chini yake ameandika: "Mwalimu, zile moli sijazielewa mpaka leo. Ugua pole." Nilicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia mshono.

Nisiseme kwamba ilikuwa tamu. Kusomewa majina ya watu wanaokulipia ni kazi nzito, kila jina linakaa begani, na nilikuwa namkatiza binti yangu ili nimwambie fulani alikuwa msumbufu, fulani baba yake ni mgonjwa asingetoa. Ilifika 840,000. Nikatibiwa. Mpaka leo nikikutana na yeyote kati yao sokoni nashindwa nianze mimi kuamkia au yeye.

Walter alihesabu mapema kwamba dola 737,000 zingetosha kabisa kwa watoto kusoma na nyumba kulipwa. Alipata, akapita, akaendelea, mpaka Skyler akampeleka stoo kumwonyesha lundo la noti ambalo yeye mhasibu ameshindwa kulihesabu, akamuuliza ni kiasi gani kitatosha. Likazikwa jangwani kwenye mapipa saba. Mwisho wa yote, shemeji amekufa, mke hana kitu, kijana hataki hata kuisikia sauti yake kwenye simu, limebaki pipa moja. Anataka fedha zimfikie mwanawe na hana pa kuzipitishia. Je, anakwenda kwa nani?

Anakwenda kwa Elliott na Gretchen. Anaingia nyumbani kwao usiku, anawapangia mezani dola 9,720,000, awaombe, au niseme awatishe, wampe kijana wake kama zawadi yao. Mlango ule ule alioufunga sehemu ya tano. Na bado, akiwa karibu kufa, anaweka sharti: zitumike hizi tu, senti yenu hata moja isiingie.

Nilipofika hapo saluni ilinyamaza, nikadhani nimeshinda. Kinyozi akazima mashine, akaniangalia kwenye kioo. "Umeona, Mwalimu? Mpaka dakika ya mwisho hakuomba. Hiyo ndiyo stelingi."

Akakataa kunimalizia upande wa pili mpaka nikubali. Mpwa wangu ndiye aliyemalizia, nyumbani, kwa wembe, na mnaweza kukisia. Kinyozi ameahidi kuwaandikia jibu lake. Akileta, mchapishe bila kukata, nami nitalibandika mwenyewe pale kando ya kioo.

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Ngamiani, Tanga.